UZI: Malipo ya mwisho yamechelewa miezi sita, halafu IPR (kodi ya mshahara) imekata karibu asilimia 30. Ni haki?

Fundi wa Karavia

Jambo yenu wote. Naomba anayejua mambo ya hesabu za mishahara anisaidie kusoma karatasi moja, maana kila ninayemwonyesha ananiambia "kodi ni kodi, nyamaza".

Nilikuwa fundi wa magari kwenye kampuni moja ya usafirishaji hapa Lubumbashi, zile roli zinazoshuka Kasumbalesa na kupanda Kolwezi. Miaka sita kamili. Mwisho wa Novemba 2023 wakatusimamisha kundi zima, wakasema mteja mkubwa ameondoka. Preavi (muda wa notisi kabla ya kuacha kazi) hatukuifanya, walisema italipwa ndani ya dekonti finali (hesabu ya mwisho ya malipo). Wakati huo walikuwa tayari na deni letu la mishahara ya Septemba, Oktoba na Novemba. Tukaambiwa tukae nyumbani, tutaitwa.

Pesa imeingia benki sasa, mwisho wa Mei 2024. Mshahara wangu ulikuwa franka 1,300,000 kwa mwezi, kwa hiyo miezi mitatu ni 3,900,000. Preavi ni 2,800,000. Jumla 6,700,000. Konje (likizo) walikuwa wamenilipa mapema, sina neno juu ya hiyo.

Kwenye karatasi wameandika mstari mmoja tu: "arriérés et divers 6.700.000", yaani malimbikizo na mengineyo. Chini yake CNSS (mfuko wa hifadhi ya jamii) 335,000. Chini yake IPR 1,896,560. Kilichofika kwangu ni 4,468,440.

Nimelipa kodi miaka yote sita bila kelele. Lakini mwezi wa kawaida walikuwa wananikata IPR isiyofika 150,000. Leo, kwa sababu wao wamechelewa, nakatwa karibu 1,900,000. Miezi sita hii nimekopa kwa watu ili watoto wanne wasifukuzwe shule. Sijakataa kulipa. Nataka kujua kama hesabu hii ni ya sheria au ni ya mtu fulani aliyechoka ofisini.

Mama wa Kampemba

Papa, pole kwa miezi hiyo. Nimefanya kazi ya paie (hesabu za mishahara) miaka mingi na karatasi yako naiona vizuri hata bila picha. Hapo pana makosa mawili makubwa na moja dogo.

Tuanze na baremu (ngazi za kodi) ya IPR ya mwaka huu wa 2024, tuiweke kwa mwezi. Franka 162,000 za kwanza zinakatwa 3%. Kutoka hapo hadi 1,800,000 ni 15%. Kutoka 1,800,000 hadi 3,600,000 ni 30%. Zaidi ya hapo ni 40%, ila jumla ya kodi haiwezi kupita 30% ya pesa inayotozwa. Na kabla ya kukata unatoa kwanza CNSS ya mfanyakazi, 5%.

Mwezi wako wa kawaida: 1,300,000 ukitoa CNSS 65,000 inabaki 1,235,000. Kwenye 162,000 unatoa 4,860. Zinazobaki 1,073,000 kwa 15% ni 160,950. Jumla 165,810. Una mke na watoto wanne, watu watano, na kila mtu unayemlea anapunguza kodi kwa 2% (mwisho ni watu tisa). Kwa hiyo inapungua 10%, inabaki 149,229. Ndiyo ile uliyoizoea.

Sasa wao wamefanya nini? Wamechukua miezi mitatu pamoja na preavi, wakaitia kwenye kompyuta kama mshahara wa mwezi mmoja wa Mei. 6,700,000 ukitoa 335,000 ni 6,365,000. Programu ikaona mtu anayepata 6,365,000 kwa mwezi, ikakupandisha hadi ngazi ya 40%. 1,896,560 inatoka hapo hapo, nimeihesabu kwa mkono. Ni kupima watoto watatu juu ya mizani moja kisha kuandika kwamba ni mtu mzima mmoja.

Kosa la kwanza: miezi mitatu ni miezi mitatu. Kila mmoja upate fishi yake (karatasi ya mshahara) na baremu yake. 149,229 mara tatu ni 447,687.

Kosa la pili, ambalo ndilo linauma zaidi: preavi si mshahara wa mwezi. Pesa inayolipwa kwa sababu kontra (mkataba) imevunjwa au kazi imekoma ina kiwango chake peke yake, 10%, haipandi ngazi. Nikiacha mstari wao wa CNSS kama walivyouweka, 2,800,000 ukitoa 140,000 ni 2,660,000, na 10% yake ni 266,000.

Jumla ya IPR ilipaswa kuwa 713,687. Wamekukata 1,896,560. Tofauti ni franka 1,182,873.

Kosa dogo ni familia: ndani ya hesabu yao sioni punguzo hata la mtu mmoja.

Fundi wa Karavia

Mama, nimesoma nikasimama, nikakaa, nikasoma tena. 1,182,873 ni karibu mshahara wangu wa mwezi mzima mkononi.

Kijana wa Katuba

Njo vile! Na mie vilevile banifanyaka ivi. Balitia yote ku laini moja, nikasinie sababu nyumba ilikuwa inangoya. Sikujua kama kuko iyo ya 10%. Asanti sana mama, Mungu akubariki.

RH Likasi

Salamu kwa wote. Mimi niko upande wa ofisi, na ningependa tuongee kwa haki. IPR inadaiwa pale pesa inapolipwa au kuwekwa mikononi mwa mfanyakazi. Kampuni imelipa Mei, kwa hiyo inatangaza DGI (ofisi ya kodi) kwa mwezi wa Mei. Huwezi kurudi nyuma kufungua deklarasio (tamko la kodi) ya Septemba 2023 kwa pesa ambayo haikulipwa Septemba. Kwa preavi nakubaliana na mama, 10% ni 10%, hapo wamekosa. Lakini kwa malimbikizo, mhasibu aliyeitangaza kwa Mei hajaiba kitu.

Mama wa Kampemba

Ndugu wa Likasi, nimefurahi umeandika, maana hoja yako ndiyo atakayoambiwa akifika pale ofisini.

Sikusema ameiba. Na tarehe ya kutangaza sibishani nayo: watangaze Mei. Ninachobishania ni ngazi. Baremu ya IPR ni ya mwaka: 3% hadi 1,944,000, kisha 15% hadi 21,600,000, kisha 30% hadi 43,200,000, kisha 40%. Hiyo ya mwezi tunayotumia kwenye paie ni ile ile ya mwaka iliyogawanywa kwa kumi na mbili, ili tukate kidogo kidogo.

Basi tuchukue kwamba pesa yote ni mapato ya 2024, kama unavyosema. Huyu fundi 3,705,000 za malimbikizo (baada ya CNSS) ziko mbali kabisa na 21,600,000. Hata kama angepata kazi nyingine Januari yenye mshahara ule ule, mwaka mzima ungekuwa 14,820,000, ukiongeza 3,705,000 unapata 18,525,000. Bado yuko kwenye 15%! Kwa njia yoyote utakayopita, mwezi kwa mwezi au mwaka mzima, mtu huyu hagusi 30%, sembuse 40%. Amefikishwa huko na jambo moja tu: kompyuta iliambiwa kwamba huo ni mshahara wa siku 30.

Ukiwa na hoja nyingine niambie, nitaisikiliza.

RH Likasi

Hapana mama, kwa hesabu ya mwaka umenifunga. Niongeze kitu cha ndani ya ofisi kitakachomsaidia. Programu nyingi za paie zina sehemu ya kuingiza malimbikizo kwa kuonyesha idadi ya miezi. Ukiacha hiyo sehemu wazi, inasoma mwezi mmoja. Kwa hiyo ndugu fundi, usiende pale kuwaita wezi. Mwambie mhasibu: "Naomba fishi tatu za Septemba, Oktoba na Novemba, na mstari wa preavi peke yake." Atajua unazungumza nini, na hatapoteza uso mbele ya bosi wake.

Mtetezi wa Kamalondo

Mimi ni avoka (wakili). Mama amemaliza hesabu, mimi niweke saa ukutani, kwa sababu watu wengi hapa wanapoteza haki yao kwa kungoja tu.

Sheria ya Kazi (Code du travail), namba 015/2002 ya 16 Oktoba 2002 iliyorekebishwa 2016, inasema kontra ikiisha, kinachobaki kulipwa kilipwe ndani ya siku mbili za kazi. Siku mbili. Kwa hiyo kampuni ilikuwa na kosa tangu mwanzo wa Desemba 2023, na hilo liandikwe kwenye barua yako bila kuogopa.

Upande wa pili: kudai mshahara kuna mwisho wake. Ni mwaka mmoja tangu siku ulipopaswa kulipwa. Madai mengine ya kontra ni miaka mitatu. Mshahara wa Septemba 2023 basi unakaribia ukingoni mwaka huu, na watu wanaona kwamba kwa vile bosi anasema "tunashughulikia", saa imesimama. Haijasimama. Maneno ya simu na ujumbe wa WhatsApp wa "vumilia kidogo" havisimamishi kitu.

Kinachosimamisha ni barua ya kudai: ama ya posta yenye hati ya kupokelewa, ama uliyoipeleka kwa mkono wakakusainia kwamba wameipokea. Au karatasi ya hesabu mliyokubaliana inayotaja deni linalobaki. Au malalamiko kwa Inspekta wa Kazi. Au kufungua kesi. Barua yako fanya nakala mbili, moja waache, nyingine wakuwekee kashe (muhuri), tarehe na saini ya aliyepokea. Sekreta akikataa kusaini, ondoka na barua yako, iende posta siku hiyo hiyo.

Kuhusu Kijana wa Katuba aliyesaini: ndugu, kusaini dekonti bila kulalamika si kukubali kwamba umesamehe haki zako. Sheria haiihesabu hivyo. Hata hivyo, ukiwekewa karatasi mbele yako na una shaka, andika juu ya saini yako, kwa mkono wako, "sous réserve de mes droits", yaani bila kupoteza haki zangu. Maneno matano ya Kifaransa, yatakusaidia mbele ya inspekta.

Kijana wa Katuba

Yangu ilikuwa mwezi wa nane mwaka jana. Bado kuko saa?

Mtetezi wa Kamalondo

Kama mshahara ulipaswa kulipwa Agosti 2023, una hadi Agosti hii, usingoje hata wiki. Andika barua leo. Kwa preavi una muda mrefu zaidi, lakini zidai pamoja kwa barua moja.

Fundi wa Karavia

Ninauliza kitu: pesa hii ya kodi nawadai kampuni au naidai DGI? Mtu mmoja ameniambia niende moja kwa moja DGI na risiti ya benki.

Mama wa Kampemba

Anza na kampuni, tena mbio. Sababu ni hii: IPR iliyokatwa Mei kampuni inaitangaza na kuilipa DGI kabla ya tarehe 15 Juni. Leo bado tuko siku za mwanzo za mwezi. Maana yake, uwezekano mkubwa ile 1,896,560 iko bado kwenye akaunti yao. Wakirekebisha sasa, ni kubadilisha fishi na kukutumia tofauti. Wakishaipeleka, itabidi wao wenyewe waombe DGI irekebishe, na wewe utasikia "DGI haijajibu" mpaka uzeeke. Mlipaji mbele ya DGI ni mwajiri, wewe ni uliyekatwa. Ukienda DGI bila karatasi ya kampuni watakuuliza deklarasio, na deklarasio hauna.

Kwa hiyo kesho asubuhi barua iwe mezani pao. Ndani yake weka: namba yako ya CNSS, tarehe ya kuanza na kuacha kazi, mshahara wa mwezi, kisha hesabu mbili pembeni kwa pembeni, yao na yako. Usiandike kurasa tano. Mhasibu akiona 447,687 na 266,000 zimefafanuliwa, hana pa kukimbilia.

Na ambatanisha komposisio famiyali (karatasi ya watu wa familia yako), nakala ya cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, hata kama unasema waliisha kuwa navyo.

Dada wa Goma

Nawasalimu kutoka Goma. Mimi nilikuwa kwenye mradi wa shirika, kontra ya muda maalum, imeisha muda wake, hakuna aliyemfukuza mwingine. Mshahara wa mwisho umecheleweshwa kwa sababu mfadhili alichelewa. Je, na mimi ninaangukia kwenye hiyo 10%?

Na jambo jingine: kontra yangu ilikuwa dola 700. Wakati tunaanza, mwanzoni mwa 2023, dola ilikuwa karibu franka 2,000. Sasa, katikati ya 2024, ni karibu 2,800. Kodi imepanda na mimi mshahara haukupanda hata senti. Mhasibu anasema ni sawa. Mimi naona kizunguzungu.

Mama wa Kampemba

Dada, kwanza: mshahara wa mwezi uliofanyia kazi ni mshahara, hata ukilipwa baada ya kontra kuisha. Unaenda kwenye baremu ya kawaida. Konje usiyochukua ikalipwa kwa pesa, nayo ni mshahara. Ile 10% ni ya pesa unayopewa kwa ajili ya kuachishwa au kukoma kwa kazi. Kama kwenye karatasi yako kuna mstari wa namna hiyo, uutenge. Kama hakuna, usiuzue, maana ukidai kisichokuwepo watakudharau hata kwenye kilichopo.

Pili, hilo la dola. Hapa hujakosea kuona kizunguzungu, na ni jambo ambalo wenye kontra za dola hawaliangalii. Ngazi za kodi ziko kwa franka na hazisogei na dola. Dola 700 kwa 2,000 ni 1,400,000, uko ndani ya 15% kwa raha. Dola 700 zile zile kwa 2,800 ni 1,960,000. Toa CNSS, unabaki na 1,862,000, na zile 62,000 za juu tayari zimeingia kwenye 30%. Hujatajirika, umevuka mstari tu. Sasa wewe umecheleweshewa: kama mwezi uliodaiwa ulikuwa wa wakati dola iko chini, na wamekulipa kwa dola ya leo, angalia wametumia kiwango gani kukulipa na kiwango gani kukukata. Kiwe kimoja. Nimewahi kuona ofisi inalipa malimbikizo kwa dola ya zamani na kukata kodi kwa dola ya siku hiyo. Huo ni uonevu mtupu, na hausamehewi kwa kusema mfadhili alichelewa.

Mtetezi wa Kamalondo

Naongeza kwa dada wa Goma: sheria ya kazi inataka mshahara upangwe na ulipwe kwa pesa ya nchi. Kontra nyingi zinataja dola na kusema italipwa kwa franka kwa kiwango cha siku ya malipo. Soma kontra yako ukurasa wa mshahara kabla ya kuandika barua. Maneno "kiwango cha siku ya malipo" yakiwemo, wakikulipa kwa kiwango cha zamani wamevunja kontra, na unadai tofauti hiyo kama mshahara.

Kaka wa Bukavu

Mimi wa Bukavu. Nilifanya kibarua cha ujenzi, kutwa kwa kutwa. Wamenilipa mwisho kwa simu, wamekata 15% kwa kila kitu, bila ile 3% ya mwanzo. Wamekosea?

Mama wa Kampemba

Hapana kaka, hapo hawajakosea. Kibarua cha muda kinakatwa 15% moja kwa moja. Ila waombe karatasi. Pesa ya simu haionyeshi kilichokatwa, na bila karatasi huna cha kuonyesha kwamba kodi ilikatwa jina lako.

Binti wa Ruashi

Samahani nikiingilia. Kwenye dekonti ya baba yangu kuna pesa ya nyumba na ya transporti ya miezi waliyochelewesha. Nazo wametia kodi.

RH Likasi

Binti, pesa ya nyumba haitozwi ikiwa haizidi 30% ya mshahara. Transporti haitozwi ikiwa ni nauli ya kweli ya kwenda na kurudi kazini, safari nne kwa siku: kwa wakubwa wa ofisi inahesabiwa kwa teksi, kwa wengine kwa basi. Posho ya familia ya sheria nayo haitozwi, wala matibabu. Kuchelewa kulipwa hakuzigeuzi kuwa mshahara. Mwambie baba adai mistari itengwe kwanza, ndipo hesabu ya kodi ianze.

Fundi wa Karavia

Nimerudi na habari.

Barua niliipeleka siku iliyofuata. Mlinzi alitaka niiache kwake, nikakataa, nikakaa kwenye benchi mpaka sekreta akatoka. Akaisoma yote akiwa amesimama mlangoni. Alipofika kwenye ile hesabu ya pembeni kwa pembeni akaniuliza, "Nani amekuandikia?" Nikamwambia nina watu. Akapiga kashe kwenye nakala yangu, akaandika saa.

Mhasibu akaniita mwenyewe kwenye simu kesho yake. Nilitumia maneno ya ndugu wa Likasi kama yalivyo: fishi tatu na mstari wa preavi. Hakubisha kabisa juu ya preavi. Kwenye malimbikizo alianza na "ni mwezi wa malipo", nikamtajia baremu ya mwaka na zile 18,525,000. Akanyamaza kidogo, akasema atampelekea mkubwa wake.

Kabla ya tarehe 15 wamenipa fishi mpya. Septemba, Oktoba, Novemba, kila moja peke yake, na preavi 10%. Wamenirudishia 1,133,130. Pesa imeingia, nimeiona kwa macho.

Wenzangu wa karakana tuliosimamishwa pamoja walikuwa hawajui lolote. Nimewapelekea barua yangu wabadilishe tarakimu. Mmoja ana watoto wanane, hesabu yake ni mbaya kuliko yangu.

Kinachobaki ni 49,743. Ni punguzo la familia kwa miezi mitatu. Wanasema komposisio famiyali haikuwa kwenye dosie (faili) kwa miezi hiyo. Lakini fishi yangu ya Agosti 2023 ninayo, na inaonyesha watu watano. Mwezi mmoja kabla!

Mama wa Kampemba

Papa, nimeshukuru Mungu kwa ajili ya watoto wako. Pongezi pia kwa huyo mhasibu, alisikia.

Hizo 49,743 usiziache. Si kwa ukubwa wake. Ukiwaachia, watasema hivyo hivyo kwa wenzako wote, na yule wa watoto wanane ndiye atakayeumia. Fishi ya Agosti ndiyo ushahidi wako: familia ilikuwa kwenye dosie, na dosie haifi kati ya Agosti na Septemba.

Mtetezi wa Kamalondo

Nenda kwa Inspekta wa Kazi na hilo. Tena ndiko lazima upite, kwa sababu Tribinali ya Kazi haipokei mgogoro wa mtu mmoja ambao haujapitia kwanza usuluhishi wa inspekta. Atawaita pande zote mbili. Chukua fishi ya Agosti, fishi mpya tatu, nakala ya barua yenye kashe. Msipoelewana, anaandika karatasi ya kutoelewana. Hakikisha inafika tribinali ndani ya miezi 12, la sivyo ile saa niliyoisema inarudi kuwa adui yako.

Lakini nadhani hamtafika huko. Wakiitwa tu kwa 49,743, watalipa.

Binti wa Ruashi

Na attestation ya mwisho wa kazi wamekupa? Baba yangu wanamwambia aingoje mpaka "dosie ifungwe".

Mtetezi wa Kamalondo

Hiyo haingojei pesa wala kodi. Cheti cha kazi kinatolewa ndani ya siku mbili za kazi baada ya kontra kuisha, na kinataja tarehe ya kuanza, ya kumaliza, na kazi aliyofanya. Baba akiombe kwa barua ile ile ya kudai dekonti.

Fundi wa Karavia

Mimi walinipa Desemba, ila tarehe ya kuanza walikuwa wamekosea mwaka. Nimeomba warekebishe pamoja na zile 49,743. Naenda kwa inspekta Jumatatu na wenzangu watatu. Mama, ile nakala ya deklarasio ya DGI na malipo ya CNSS nazo niwaombe mbele yake?

Mama wa Kampemba

Mbele yake, ndiyo. Mwambie unataka kuona 713,687 au kiasi chochote walichotangaza kwa jina lako, na risiti ya benki yake. Kwa CNSS pitia mwenyewe kwenye ofisi yao na namba yako, uulize kama miezi ya Septemba, Oktoba na Novemba imeingia. Hiyo ni pensheni yako, na mwajiri anadaiwa sehemu yake juu ya ile 5% uliyokatwa wewe. Ukikuta shimo, andika hapa, tutaangalia pamoja.